Riviu ya magereza ya jimbo la Texas kwa sisi familia: kumtafuta ndugu, kwenda kumuona, kumtumia hela

Jamani naandika hii kwa ajili ya familia zetu zilizoko Texas, hasa sisi tuliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa Fort Worth, Dallas, Houston, Abilene na kwingine, maana na sisi tunafungwa kama wengine ila mtu wetu akifungwa familia nzima inanyamaza. Kanisani watu wanaambiwa amehamia jimbo lingine amepata kazi, mama yake analia chumbani peke yake, na yule kijana huko ndani anakaa miezi na miezi bila barua, bila senti, bila mgeni, si kwamba hapendwi ila hakuna anayejua pa kuanzia na kila mtu anaona aibu kuuliza. Mdogo wangu anayenifuata yuko gereza la jimbo, bado ana miaka mbele, kwa hiyo hizi huduma mi nazitumia kila wiki na hapa nazipima na kuzipa nyota zake. Nasema mapema ninachokiamini: vitu vinavyosaidia kweli ni vya bure au karibu na bure, vingi ni vya serikali yenyewe, na vile vya kulipia vilivyojaa kwenye simu yako vingi unaviacha na hupungukiwi kitu. Cha muhimu ni viwili tu, upate namba yake na uingie kwenye listi yake.

Tuanze na kumpata. Idara ya magereza ya Texas inaitwa Texas Department of Criminal Justice, watu wote wanasema TDCJ tu, makao makuu yako Huntsville. Kwenye tovuti yao kuna ukurasa wa kutafuta mfungwa, bure kabisa, hakuna kufungua akaunti wala kuweka kadi ya benki. Unaandika jina lake la mwisho na angalau herufi ya kwanza ya jina la kwanza, au kama unayo unaweka namba yake ya TDCJ au ile namba nyingine ya jimbo wanaita SID. Inakuletea tarehe ya kuzaliwa, kosa, kaunti iliyomhukumu, gereza alipo, tarehe ya kufikiriwa paroli, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, na tarehe ya kumaliza kifungo. Hiyo namba ya TDCJ ukiipata iandike kwenye karatasi, ipige picha, watumie ndugu wote, maana barua, hela, simu, kila kitu kinapita kwenye hiyo namba na bila hiyo hakuna anayekusikiliza.

Shida yetu sisi ni majina. Kambini aliyekuandikisha aliandika alivyosikia, uhamiaji wakaandika walivyoona, jela ikaandika walivyosoma. Na kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ambayo hayafanani hata kidogo, kila mtoto na jina lake, hatuna hii habari ya jina moja la ukoo kwa nyumba nzima, kwa hiyo ukimtafuta kijana kwa jina la baba yake hutoki na kitu. Tafuta kwa jina lililoandikwa sehemu ya mwisho kwenye grini kadi yake, ile kadi ya ukaazi. Likikataa yageuze, la kwanza liwe la mwisho, jaribu L mahali pa R, jaribu kuunganisha majina mawili bila nafasi katikati. Na ukiona watu wawili majina yanafanana na wote wamezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza usishtuke, wengi wetu ndivyo tulivyoandikwa, wewe angalia mwaka na kaunti iliyomhukumu utajua yupi ni wako.

Usipomuona kabisa haina maana amepotea. Marekani jela ziko za aina nyingi na kila moja ina daftari lake. Aliyekamatwa juzi au anayesubiri kesi yuko jela ya kaunti, kaunti ya Tarrant ya Fort Worth wana ukurasa wao, Dallas wao, Harris ya Houston wao, na hata akishahukumiwa kwenda jimboni anaweza kubaki pale kaunti wiki kadhaa akisubiri makaratasi na nafasi. Kesi ya serikali kuu iko kwenye ukurasa wa Bureau of Prisons, nao ni bure. Na kama ameshikwa na watu wa uhamiaji kuna ukurasa wa ICE ambao ntaueleza chini. Kuna na kitu Texas wanakiita state jail, cha wenye makosa madogo kidogo, kifungo kisichozidi miaka 2 na paroli hakuna, hicho nacho kiko chini ya TDCJ kwa hiyo ukurasa ni ule ule.

Nampa huu ukurasa nyota nne na nusu. Nusu naitoa kwa sababu wanaubadilisha siku za kazi tu, na mfungwa wa Texas anahamishwa hamishwa, anaamshwa usiku anapandishwa basi, hamna anayepiga simu nyumbani kusema. Ijumaa unaona yuko Beeville, Jumatatu unaona yuko Amarillo, na Texas sio nchi ndogo. Mi nauangalia kila Ijumaa jioni kabla sijaweka mafuta kwenye gari na bado Jumamosi asubuhi napiga simu yuniti, yuniti ndio gereza kwa lugha yao, kuuliza kama yupo na kama wageni wanaingia leo. Fanya hivyo kila safari, maana yuniti inaweza kufungiwa wikiendi nzima kwa sababu ya vurugu au uhaba wa maaskari na wewe umeshaendesha masaa manne na watoto nyuma.

Sasa zile tovuti za kulipia. Ukiandika Google jina la ndugu yako na neno jela kwa Kiingereza, zinakuja nyingi zinazofanana na serikali, zinakuonyesha kitu kinazunguka zunguka wanasema wanatafuta rekodi, wanakuvuta pumzi, halafu mwisho wanaomba kadi. Binamu yangu alilipia moja, jina silitaji, ikawa inamkata kila mwezi na habari iliyomletea ni ile ile ya TDCJ tena iliyochakaa, inaonyesha yuniti ambayo kijana alishaondolewa. Hizo nyota hakuna. Ukurasa ukikuomba hela ili kukuambia mtu amefungwa wapi, funga.

Listi ya wageni. Hapa ndipo familia nyingi zinakwama, zinadhani ni kwenda tu mlangoni na kitambulisho. Hapana. Mfungwa mwenyewe ndiye anajaza majina ya watu wanaoruhusiwa kumuona, mwisho watu 10, na kuibadilisha sio kila siku, ni kila baada ya miezi 6. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya hela, kabla ya yote, ni kumwandikia barua yenye majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi, tarehe za kuzaliwa, anwani, undugu. Usimwachie aandike kwa kukumbuka. Mama mdogo wangu sisi tangu utoto tunamuita jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, kijana alipoambiwa ajaze jina kamili la mama mdogo alikuwa halijui, ilibidi tumpelekee. Na hiyo listi ina kazi nyingine ambayo watu hawaijui, tangu 2020 TDCJ walibana, asiyekuwa kwenye listi ya wageni au kwenye namba za simu za mfungwa hawezi kumtumia hela. Yaani rafiki yake wa kanisani mwenye moyo mzuri hawezi tu kuamka akatuma dola ishirini. Ndio maana nasema listi kwanza.

Haya, kumuona. Hii ndio huduma ninayoithamini kuliko zote na naipa nyota nne, na ningeipa tano kama sio umbali. Ni Jumamosi na Jumapili, kwa kawaida masaa 2, mara moja kwa wikiendi kwa mfungwa mmoja, kwa hiyo kama mmetoka magari mawili msije siku mbili tofauti mkidhani wote mtaingia, pangeni. Mkitoka mbali sana mnaweza kuomba masaa 4 ila muombe mapema wakubali, sio mkifika getini. Watu wazima huwa wawili, watoto wanakuja na mtu mzima wao.

Sisi wa Fort Worth tuna bahati kidogo, magereza mengi yako upande wa Tennessee Colony, jina lisikuchanganye, ni Texas hii hii, karibu na Palestine. Unashika barabara ya 287 inashuka Waxahachie, Ennis, Corsicana, unaendelea mpaka unaanza kuona miti na malisho ya ng'ombe tu. Coffield iko huko, ndio kubwa kupita zote za jimbo, Beto iko huko, Michael, Powledge, Gurney, zote jirani jirani, kwa hiyo soma kibao vizuri kabla hujakata kona. Walioko Huntsville nao ni wengi, na pale mjini kuna nyumba ya wakristo inaitwa Hospitality House, inapokea familia zilizotoka mbali kuja kuona wafungwa, wanalala bila kulipishwa, unapiga simu mapema kuomba nafasi. Hao nyota tano, Mungu awabariki, maana kuna mama anatoka El Paso masaa kumi na zaidi na hana hela ya moteli.

Getini wanaweza kukwambia ufungue buti na boneti, fungua, usibishane. Simu inabaki kwenye gari. Ndani unaingia na kitambulisho chenye picha, funguo ya gari, sarafu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, na kama una mtoto mchanga maziwa yake na pampasi. Basi. Hakuna chakula cha nyumbani, hata chapati moja haipiti, najua inauma, mi mwenyewe kila nikipika sombe nafikiria hiyo meza. Sarafu ni za mashine za vyakula zilizoko chumba cha wageni, mfungwa haruhusiwi kuzishika, ni wewe unaenda unamnunulia unamletea. Beba za kutosha. Mdogo wangu anapenda ile baga ya mashine, naipasha moto, anaifungua karatasi polepole, anaikata nusu kwa mkono anampa mtoto wangu kwanza halafu ndio anakula yeye. Miaka yote aliyokuwa nyumbani ndivyo alivyokuwa anafanya na mkate.

Kuna kumuona kwa kioo na kumuona kwa kugusana, inategemea daraja lake ndani na undugu wenu. Kwa kioo mnaongea kwa simu ya ukutani, watoto wanagombania hiyo simu, inachosha. Kwa kugusana mnakaa meza moja, yeye nguo nyeupe kama wafungwa wote wa Texas, mnakumbatiana mkifika na mkiondoka, katikati mikono inabaki juu ya meza mnaweza kushikana. Kiswahili tunaongea, hamna askari aliyewahi kutukataza, na kule ndani hamna wa kuongea naye kwa hiyo dakika za kwanza unamuona maneno yanakwama, anaanza kwa Kiingereza, baadae yanafunguka yanamwagika yote, anauliza fulani kazaa, fulani karudi Uvira, mvua imenyesha Kigoma. Ukimuona anakaa wima zaidi wakati unaondoka kuliko wakati umefika utajua kwa nini nasema hata mafuta yakipanda nenda.

Nguo. Wana kanuni, kifupi ni kwamba mabega yafunikwe, sketi au kaptula isipande zaidi ya inchi 3 juu ya goti, isibane, isionyeshe ndani. Kwenye yuniti moja aliyokuwa mdogo wangu zamani, jina silitaji, wifi yangu alirudishwa mlangoni kwa gauni ambalo wiki iliyotangulia askari mwingine alilipitisha, alikaa kwenye gari jua linawaka akisubiri sisi tutoke, na yeye ndiye mke. Sasa hivi tunavaa vitenge, sketi ndefu na blauzi ya mikono, na nguo ya akiba iko kwenye buti. Akina mama zetu wa kitenge hawajawahi kupata shida hata siku moja. Nyeupe yote tunaiacha nyumbani kwa sababu ndio rangi yao.

Simu. Zamani Texas ilikuwa inaua watu kwa simu, dakika moja ilikuwa senti 26, kuanzia 2018 ikashushwa mpaka senti 6 na muda ukaongezwa ukawa dakika 30, yaani simu nzima inakuja kama dola moja na senti themanini. Kampuni inayoendesha ni Securus, unafungua akaunti, unaandikisha namba yako, unaweka hela, yeye ndiye anapiga, wewe huwezi kumpigia. Kwa bei naipa nyota nne. Ila naomba muelewe, simu zenu zote zinarekodiwa, sasa kuna ndugu zetu wanadhani wakiongea Kiswahili au Kibembe au Kifuliiru wamejificha, jamani wakalimani wapo, kesi usiiongelee kwenye simu kabisa, ongea watoto, ongea mpira, mambo ya kesi ni ya wakili. Na wenzetu walioko majimbo mengine waangalie kwao, California simu za magereza ya jimbo zimekuwa bure tangu Januari 2023, Minnesota tangu Julai 2023, Massachusetts tangu Desemba 2023, kwa hiyo mtu wa Minneapolis asikubali mtu amwambie anunue dakika kwa ajili ya ndugu yake aliyeko gereza la jimbo.

Barua, hapa nina uchungu. Tangu 2023 barua za kawaida Texas haziendi tena yuniti, zinaenda kituo kimoja Dallas, zinaskaniwa, yeye anaisoma kwenye tableti. Wanasema ni kuzuia dawa za kulevya zinazopakwa kwenye karatasi, na ni kweli hizo karatasi zilikuwa zinaua watu huko ndani, siwezi kusema sababu ni ya uongo. Lakini mtoto wangu alimchorea mjomba nyumba na kalamu za rangi, amekandamiza mpaka karatasi imetoboka, alichopata mjomba ni picha kwenye kioo kidogo. Picha haina harufu ya nyumbani, huwezi kuibandika ukutani. Nyota mbili. Hata hivyo andikeni, na muandike Kiswahili, za kwetu zinafika, ila anwani na namba ya TDCJ viwe sahihi. Vitabu ni hadithi nyingine, vinatoka dukani au kwa mchapishaji moja kwa moja, huwezi kuchukua Biblia yako ya Kiswahili ukaiposti, lazima uiagize mpya iende yenyewe kwa jina lake na namba yake. Barua za wakili zinaenda yuniti kama zamani.

Hela sasa. Kitu ambacho ndugu zetu wengi hawakijui ni kwamba Texas haiwalipi wafungwa kwa kazi. Wanalima, wanapika, wanafua, wanashona, hawapati kitu mkononi. Kwa hiyo sabuni nzuri, kahawa, tambi za kuloweka, dawa ya mswaki, viatu vya kuvaa bila maumivu, vyote vinatoka duka la ndani, wao wanaita komisari, na hela ya komisari inatoka kwako. Akienda kwa daktari mwenyewe kwa ombi lake anaweza kukatwa dola 13.55 kila mara, ingawa asiye na hela hanyimwi matibabu, mwambieni asikae na jino bovu kwa kuogopa kukatwa.

Njia za kutuma ziko nyingi. JPay ni ya haraka, kuna Western Union, MoneyGram na nyingine, zote zina makato na makato hayafuati kiasi kidogo unachotuma, ukituma dola kumi na tano unaona kabisa kilichokatwa kingenunua sabuni. Na hizi kampuni sio sadaka, JPay mwaka 2021 ilibanwa na shirika la kulinda wateja la serikali kuu, CFPB, kwa mambo ya kadi za watu wanaotoka jela, ikatakiwa kulipa dola milioni 6, milioni 4 kurudishia watu na 2 faini. Mimi natumia mani oda. Unanunua posta, unajaza ile karatasi ya kuwekea hela yenye jina na namba yake, unaituma Huntsville, TDCJ hawakati kitu, inachelewa tu. Mwenye akaunti ya benki kuna fomu ya TDCJ ya kukatwa kila mwezi moja kwa moja, nayo haina makato, familia yetu kubwa tulikubaliana baba mdogo ndiye akaunti, sisi wengine tunampa yeye mkononi, inaenda yote. Hiyo fomu nyota tano. Njia za haraka nyota mbili na nusu, zitumie kukiwa na shida kweli.

Kuna na tovuti ya TDCJ yenyewe inaitwa eCommDirect, unamnunulia vitu vya komisari wewe mwenyewe, vina kikomo chake kila robo ya mwaka. Nzuri kwa anayeogopa hela kuchukuliwa na wababe huko ndani, maana unanunua kitu badala ya kutuma hela. Na kama utanunua kitu kimoja tu, nunua feni kabla ya mwezi wa sita. Msidhani kila nyumba Texas ina AC, karibu theluthi mbili ya magereza ya jimbo hayana AC kamili sehemu wanazolala, na joto la mwezi wa nane kule ndani ya zege na chuma ni jambo la kifo. Machi 2025 jaji wa shirikisho wa Austin, Robert Pitman, aliandika kwamba joto hilo linavunja katiba, ila hakuamuru AC ziwekwe hapo hapo. Kwa hiyo joto bado lipo na feni ni lazima. Mdogo wangu alituambia usiku analowesha shuka na maji, anajifunika ikiwa mbichi, feni inampuliza, ndivyo anavyopata usingizi. Asiye na feni analala sakafuni.

Uhamiaji, na hapa naomba msome taratibu. Ndugu asiye raia akifungwa, ICE wanaweza kuweka zuio, akimaliza kifungo haji nyumbani, anachukuliwa na wao. Ukurasa wao wa kutafuta mtu unataka namba ya A yenye tarakimu 9, ile ya kwenye grini kadi, pamoja na nchi aliyozaliwa. Sasa watoto wetu waliozaliwa Nyarugusu ni wakongo wa Tanzania, makaratasi mengine yameandika Congo, mengine Tanzania, ukikosa kwa moja jaribu ya pili, kuna familia ya Abilene walimtafuta kijana wao siku kadhaa wakijaza Congo na alikuwa ameandikwa Tanzania. Ukurasa wenyewe nyota tatu.

Kabla hata haijafika huko, kumbukeni mambo mawili. La kwanza, tangu kesi ya Padilla v. Kentucky ya 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo kijana akiwa bado kaunti na wakili anasema kubali uende nyumbani mapema, muulizeni wakili wazi, na kwa uhamiaji je? La pili ni hili la uraia wa kurithi, mtoto mwenye grini kadi aliye chini ya miaka 18 anayeishi na mzazi mwenye malezi yake, siku mzazi anaapa uraia na yeye anakuwa raia, hata kama hakuna aliyemwambia na hana pasipoti. Tuna vijana ndani wanaojiita wakimbizi kumbe ni raia tangu mama yao aliponyosha mkono kuapa. Tafuteni cheti cha mama, tarehe yake, mlinganishe na umri wa kijana siku hiyo, mkishapata mpelekeeni wakili wa uhamiaji haraka, sio mtu wa kujaza fomu mtaani.

Mwisho paroli. Texas bodi inaitwa Texas Board of Pardons and Paroles, na mara nyingi hawakai meza moja na mfungwa, ofisa anamhoji kule yuniti halafu wajumbe wanasoma faili na kupiga kura. Maana yake faili ndilo linaongea. Kuna watu wanauza huduma ya kutengeneza faili zuri kwa hela nyingi na mama zetu wanakopa kuwalipa. Barua za familia mnaandika wenyewe bure na zinaingia kwenye faili: atalala wapi, anwani kamili na nani yuko hapo, nani atampeleka kazini, kazi gani inamsubiri, kanisa au msikiti gani unamjua, mmemuona mara ngapi akiwa ndani. Msisifie tu kwamba ni mtoto mzuri, waandikieni mpango. Mchungaji wetu aliandika ya kwake kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo anavyosema kutoka moyoni, binti yake wa chuo akaitafsiri, tukapeleka zote mbili pamoja na namba ya TDCJ juu ya kila ukurasa, na zimeingia. Kazi inamsubiri mdogo wangu kwenye ghala la rafiki yangu, chumba kipo, godoro lipo, na tarehe yake ya kufikiriwa iko pale pale kwenye ule ukurasa wa bure.